Kutoka grosari kwenda baa: leseni, kaunta na mteja aliyezidiwa

SWALI: Nina grosari ndogo Nguvumali, Tanga. Nimepata fremu ya pili pembeni, nataka kuweka jiko la nyama choma na viti kama 40, iwe baa kamili. Je, leseni niliyonayo inatosha? Jambo la pili linaniumiza kichwa: mwezi uliopita mteja alitoka kwangu amelewa, akaanguka na pikipiki hatua chache tu kutoka hapa. Alivunjika mkono, na mtaa mzima unasema sisi ndio tuliomlevya. Nikiwaambia wahudumu wasimuuzie mtu aliyelewa, wanaogopa. Halafu kuna mgema anataka kuniletea mnazi. Nifanyeje?

JIBU: Dada, pole kwa ajali hiyo, na huyo mgonjwa apone haraka. Naanza na leseni kwa sababu ndiyo yenye tarehe, ingawa maswali yako yote yanakutana mahali pamoja. Leseni ya vileo ni ya miezi sita tu: 1 Oktoba hadi 31 Machi, kisha 1 Aprili hadi 30 Septemba. Maana yake kila nusu mwaka jina lako linarudi mezani kwa watu walewale: mtaa, kata, afya, polisi, afisa biashara. Habari za yule mteja wa pikipiki zitakuwa zimewafikia kabla ya fomu yako.

Toa leseni yako ukutani uisome aina yake. Sheria ya Vileo, Sura ya 77, ambayo ilitungwa mwaka 1968, inatenganisha muuzaji wa jumla, muuza rejareja ambaye mteja wake huondoka na chupa, muuza rejareja ambaye mteja wake hunywea palepale, mgahawa unaouza kileo pamoja na chakula, hoteli yenye wageni wa kulala, klabu ya wanachama, na pombe za kienyeji. Wenye grosari wengi wana ile ya kuondoka na chupa. Kinaanza kiti kimoja cha kumpumzisha mzee anayesubiri chenji, baadaye vinakuwa sita, ikifika Desemba kuna meza na spika. Kama yako ni hiyo, viti ulivyonavyo hata leo ni kosa, achilia mbali hivyo 40. Na kama ni ya kunywea palepale, bado imetolewa kwa jina lako na kwa jengo lile lililoandikwa. Fremu mpya haimo. Unaomba upya kwa eneo zima. Usikubali pia kutumia leseni ya aliyekuwa na fremu hiyo kabla yako. Leseni haihami na kodi ya pango, na ukikaguliwa wewe ndiye utakayeonekana unauza bila leseni.

Maombi siku hizi yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wa serikali uitwao TAUSI. Utahitaji namba ya NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA, mkataba wa pango, na jina la biashara lililosajiliwa BRELA kama hutumii jina lako mwenyewe. Ada utaiona kwenye namba ya malipo utakayopewa. Ilipe kwa namba hiyo tu, benki au kwa simu, wala usimkabidhi mtu fedha mkononi hata akiwa na kitambulisho shingoni. Nenda pia mwenyewe dirisha la biashara la Halmashauri ya Jiji uulize kikao cha leseni za vileo kinakaa lini, kwa sababu ombi linalofika baada ya kikao linasubiri kingine. Anza mapema Agosti kwa leseni ya Oktoba, au mapema Februari kwa ile ya Aprili. Wanaokwama mara nyingi wamejaza fomu vizuri kabisa, ila wamemfuata afisa afya wiki ya mwisho naye akakuta choo kimoja.

Huyo afisa afya ndiye atakayekuchelewesha, kwa hiyo mtangulie. Kwa viti 40 weka choo cha wanaume na cha wanawake, kila kimoja na mlango unaofungwa, maji na sabuni ya kunawia. Kaunta iwe na sinki lake, mbali na sinki la nyama. Glasi zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe kwa maji yanayotiririka, zianikwe kichwa chini kwenye kichanja. Ndoo moja ya maji inayosuuza glasi kuanzia jioni hadi usiku wa manane ndiyo inayomfanya mkaguzi afunge daftari na kuondoka. Jiko la mkaa likae upande ambao moshi hauingii kwa jirani, na hapo angalia upepo wa jioni unaotoka baharini, siyo ule wa asubuhi. Kila anayegusa chakula au kinywaji apimwe afya na cheti chake kirudiwe kila miezi sita. Unganisha tarehe hizo na za leseni usisahau. Zimamoto watataka mitungi ya kuzimia moto na njia ya pili ya kutokea. Usiizibe njia hiyo kwa kreti.

Muziki una sheria yake pembeni: kanuni za mazingira za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, ambazo NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamewahi kuzitumia kufungia baa. Kinachovuka ukuta na kumnyima jirani usingizi ni besi. Usiweke spika ya besi kwenye sakafu wala kuigandisha ukutani. Inyanyue juu ya stendi yenye mpira, igeukie ndani, kisha nenda usimame kwenye dirisha la chumba cha jirani saa tatu usiku usikilize mwenyewe. Adhana ikiingia, zima muziki. Nguvumali na msikiti ni majirani wa siku zote, na mtaa utakapoulizwa habari zako hilo litatajwa.

Saa za kuuza: siku za kazi, baa ya kawaida inaruhusiwa kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Mwisho wa wiki na sikukuu muda huongezeka; fuata saa zilizoandikwa kwenye leseni yako, usifuate za baa ya jirani. Mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia kileo na kumruhusu kuingia baa. Hapo kuna mtego wa grosari: mtoto anayetumwa na baba yake bia mbili. Usimuuzie. Mpigie baba simu aje mwenyewe. Na kwa kuwa utakuwa na jiko, weka dirisha la kuuzia nyama linalofunguka nje, ili mtoto aliyetumwa mishkaki asipite katikati ya meza.

Sasa tuje kwenye kaunta. Wahudumu wako hawajui waseme nini kwa sababu hawajui wanauza kiasi gani. Wafundishe hesabu hii kwanza. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya mililita 330 ya nguvu hiyohiyo ina gramu 13. Toti ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 35 ina gramu 8 hivi. Sasa tazama chupa ndogo ya Konyagi, mililita 200 kwa asilimia 35: hiyo ni gramu 55, karibu sawa na bia kubwa tatu, na watu wanaimaliza kwa nusu saa huku wakisema wamekunywa "kachupa kamoja". Ini la mtu mzima linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Halikimbizwi na kahawa, supu, ndimu wala maji ya baridi kichwani.

Kiwango cha juu kwa dereva nchini ni miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu. Mwanaume wa kilo 70 akinywa bia kubwa tatu ndani ya saa mbili, kwa makadirio amekwisha kuvuka. Mwanamke wa kilo 60 anavuka kwa bia mbili katika muda huohuo, kwa sababu maji mwilini mwake ni machache na kilevi hakina mahali pa kutawanyika. Tumbo likiwa tupu, mambo yanawahi zaidi. Kwa hiyo aliyekuja na pikipiki akafikisha ya tatu, mhudumu asisubiri ayumbe. Anaweza kuwa anaongea vizuri kabisa na bado hafai kushika usukani.

Kuhesabu kwenyewe msitegemee kichwa. Kila chupa ifunguliwe mbele ya mteja na kizibo kiachwe kwenye kisosi chake, kisosi kimoja kwa kila mtu, siyo kimoja kwa meza. Hesabu ya meza inasaidia bili tu. Watu wanne wenye vizibo kumi na viwili hawakukuambia kwamba mmoja wao amekunywa sita. Mhudumu akipita anasoma visosi kwa jicho, bila kumhoji mtu. Wengine watahamisha vizibo kwa utani. Ndiyo sababu kaunta nayo iandike.

Adui mkubwa wa hesabu hiyo ni kuwekewa. Rafiki anaingia, ananyoosha kidole, "wape wale wote mbilimbili", na mtu aliyekuwa anaaga anajikuta na bia mbili zilizo wazi mbele yake. Kuziacha anaona ni dharau. Weka utaratibu mmoja na usiuvunje hata kwa mheshimiwa: ya kuwekewa hulipwa, huandikwa kwenye karatasi kwa jina, lakini hubaki ndani ya friji bila kufunguliwa mpaka mwenyewe aiagize. Asipoiagiza leo anaikuta kesho. Hupotezi mauzo hata shilingi, na mtu anapata mlango wa kuondokea.

Ofa kwa wahudumu nazo zitazame. Mhudumu aliyekunywa bia tatu za ofa hawezi kumpima mlevi. Kwake kila mtu anaonekana sawa. Mteja akitaka kumshukuru, iwe soda, au iandikwe apewe thamani yake wakati wa kufunga hesabu.

Umesema wanaogopa kukataa. Nadhani wanakuogopa wewe kuliko mteja. Kama mteja akiondoka bila kulipa mhudumu anakatwa, nani atakayemwambia mtu mwenye bili ya elfu arobaini kwamba basi imetosha? Badilisha mambo mawili. Kwanza, malipo yafanyike kila raundi, au bili isomwe na kulipwa kila baada ya chupa tatu. Pili, watamkie wote mbele ya meneja kwamba bili ya mteja aliyesimamishwa kwa ulevi ni hasara ya nyumba. Na kama unawalipa kwa kreti walizouza, ujue unawalipa wamleweshe mtu. Afadhali mshahara wa siku na nyongeza kidogo kwenye nyama.

Dalili za kusimamisha ni hizi: anarudia hadithi aliyomaliza sasa hivi, anahesabu noti mara mbili na bado anakosea, anashika kiti kabla ya kusimama, sauti inapanda bila ugomvi, anaanza kuagiza kwa kasi kuliko mwanzo. Moja peke yake siyo hoja. Zikikutana mbili, mhudumu amwambie kaunta, na kuanzia hapo hakuna hata mmoja anayemuuzia. Kosa la kawaida ni mmoja kukataa na mwenzake wa upande wa pili kupeleka. Angalieni pia mtu anayeyumba, anatoka jasho na kutetemeka ilhali kisosi chake kina kizibo kimoja. Huyo anaweza kuwa na kisukari na sukari imeshuka, na ukimtoa nje kama mlevi unaweza kumuua. Akiwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari, kisha apelekwe hospitali.

Namna ya kukataa: aende mtu mmoja, anayemfahamu mteja ikiwezekana. Ainame ubavuni kwake, asisimame mbele yake, asimguse, asiseme mbele ya wenzake, na neno "umelewa" lisitamkwe kabisa. "Kaka Juma, nimefunga bili yako kwa leo. Hii maji ni ya kwetu, na nakuletea supu. Bajaji nikuitie ya kwenda wapi?" Kwa mzee, shikamoo kwanza, hata kama amekwisha kumsalimia mara nne. Swali la bajaji limewekwa mwisho kwa makusudi, maana linampa kitu cha kujibu kisichokuwa ubishi. Akibisha, jibu ni lilelile kwa sauti ileile: "Kwa leo nimefunga, kaka, kesho karibu." Msieleze sababu, kwa kuwa kila sababu ina pingamizi lake. Akinyanyua mkono, mhudumu arudi nyuma na meneja aje na mlinzi. Mlinzi asianze kuvuta watu. Ikizidi, pigeni 112.

Raundi ya mwisho itangazwe saa 4 na robo na kaunta ifunge saa 4 na nusu, siku ambazo leseni inaishia saa 5. Kila mtu chupa moja. Kilevi kinafika kileleni kwenye damu kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kunywa, hivyo anayeruhusiwa kujaza meza saa 5 kasorobo anakolea akiwa barabarani. Sishangai kama mteja wako alitoka akitembea vizuri.

Kwa pikipiki, tengeni kona ya ua yenye mnyororo na taa. Mnampa mteja karatasi yenye namba ya pikipiki, saa na sahihi ya mlinzi, nakala inabaki kwenu, anaifuata asubuhi. Watu wengi wanang'ang'ania kuendesha kwa kuhofia kuibiwa, siyo kwa ujeuri. Ukiwatoa hofu hiyo wanakubali. Msimnyang'anye mtu ufunguo, hiyo inazaa kesi. Mwombeni. Zungumza na madereva watatu au wanne wa bajaji wa kijiwe cha karibu, namba zao zibandikwe kaunta, mkubaliane nauli ya kufika Makorora, Chumbageni, Mabawa, ili mlevi asilanguliwe. Na asiondoke na bodaboda aliyekuwa anakunywa meza ya pili.

Aliyelala mezani haamki, msimwache "alale zimtoke". Mtikiseni bega, mwiteni. Asipoitika, mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini ili matapishi yasimzibe koo, na mtu mmoja akae naye. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 8, au zikikatika kwa sekunde zaidi ya 10, au ngozi imekuwa baridi na midomo imebadilika rangi, ni hospitali ya Bombo mara moja, kwa chombo chochote kilichopo.

Kila tukio liandikwe kwenye daftari usiku uleule: tarehe, saa, alikunywa nini kwa hesabu ya visosi, nani alimsimamisha, aliondokaje, nani ameona. Mistari minne inatosha. Anza na ajali ya mwezi uliopita, andika ukweli kama ulivyo, kisha mpelekee mwenyekiti wa mtaa daftari na huo utaratibu wa pikipiki kabla hajakuita yeye. Ukienda kumwona majeruhi hospitali pia ni uungwana, hata kama hujakiri kosa lolote.

Kuhusu bidhaa: viroba, yaani pombe kali ya paketi, vilipigwa marufuku tangu 1 Machi 2017, usikubali masalia ya mtu. Pombe kali na mvinyo nunua kwa msambazaji anayetoa risiti ya EFD, na kagua stempu ya kodi kwa programu ya Hakiki Stempu ya TRA, chupa moja moja, siyo moja kwa kila katoni. Chupa tupu za pombe kali zivunjwe au zichanwe lebo kabla ya kutupwa, la sivyo zitakurudia zimejazwa gongo. Pombe ya kughushi inaweza kuwa na methanoli. Mtu anapoamka kesho yake analalamika macho yana ukungu, tumbo linasokota na anahema kwa nguvu, hiyo siyo hangova. Ni hospitali saa hiyohiyo, na chupa iende naye.

Mnazi sasa. Unahitaji leseni ya pombe za kienyeji. Hiyo ya baa haiubebi. Ukishaipata, bado kuna shida ya kipimo. Bia ikizibwa inabaki na nguvu yake, lakini mnazi unaendelea kuchachuka ndani ya dumu. Wa asubuhi, mtamu, na uleule saa 11 jioni ni vinywaji viwili tofauti, hivyo vizibo na visosi havikusaidii. Andika kwenye dumu saa uliyogemwa, uza kwa kipimo kimoja cha nusu lita, na kila mtu asipite vipimo viwili kama anakunywa na bia pia. Dumu lisizibwe kabisa, gesi italipasua. Funika kwa kitambaa safi cha kuchujia. Mgema aje na chombo chake kilichooshwa kwa maji ya moto, na onja kila siku kabla hujalipa, maana akisifiwa hulitia maji na maji yenyewe hujui ni ya kisima gani. Utakaobaki usichanganye na wa kesho. Uache ukomae uwe siki. Jiko lako la nyama litaihitaji kwenye kachumbari.